Baipola na pombe: ugonjwa mmoja unapojificha nyuma ya mwingine

Mitandaoni siku hizi mtu akicheka asubuhi na kununa jioni, ataitwa "baipola" kabla jua halijazama. Wakati huohuo, mtu mwenye ugonjwa huo hasa, aliyekesha usiku wa nne mfululizo, anayegawa fedha ovyo na kunywa kuliko alivyowahi kunywa, anaitwa mlevi, basi. Wa kwanza kapewa ugonjwa asio nao. Wa pili kanyimwa tiba anayoihitaji, na huyo wa pili ndiye anayehusika na makala haya.

Ndugu zake huulizana swali lilelile: huyu anaumwa, au ni pombe tu? Swali linasikika la maana, ila linawalazimisha kuchagua kimoja. Kwa watu wengi wa aina hii vyote viwili vipo, vimeshikana, na kila kimoja kinakilisha kingine. Tuvitenganishe kwanza ndipo tuone vinavyoshikana.

Kupanda na kushuka

Kila mtu ana siku zake nzuri na mbaya. Mtu aliyefiwa huhuzunika, aliyefaulu mtihani hufurahi, na hakuna ugonjwa hapo. Baipola ni ugonjwa wa akili ambao hisia, nguvu za mwili na usingizi huhama kutoka mahali pake pa kawaida kwa siku au wiki nyingi, mara nyingi bila sababu inayolingana na ukubwa wa badiliko lenyewe.

Kipindi cha kupanda huitwa mania. Kwa vigezo vya madaktari hudumu angalau wiki moja, au muda wowote ule ikiwa hali ni mbaya kiasi cha kulazwa. Mgonjwa hulala saa mbili tatu na kuamka hana uchovu. Maneno yanamtoka kwa kasi, mawazo yanakimbizana, anaanzisha miradi mitano kwa siku, anakopa, anajiona hakuna kinachomshinda. Wengine hufika mahali pa kusikia sauti au kuamini kwamba wametumwa kazi ya kuokoa dunia. Kuna mania nyepesi pia, ya siku nne au zaidi, na hiyo ina hila yake: hupendeza. Watu humsifu mgonjwa kwa uchapakazi, naye mwenyewe haoni sababu ya kwenda hospitali wakati anajisikia vizuri kuliko miaka yote.

Kipindi cha kushuka ni sonona: wiki mbili au zaidi za huzuni nzito au kutojali chochote, mwili mzito, usingizi uliovurugika, kujilaumu, na pengine mawazo ya kujiua. Aliyewahi kupata mania kamili anahesabiwa kuwa na baipola aina ya kwanza; aliyepata mania nyepesi pamoja na sonona ana aina ya pili. Msidanganyike na neno "nyepesi" mkadhani aina ya pili ni ugonjwa mdogo, maana wenye aina hiyo huishi sehemu kubwa ya maisha yao upande wa sonona. Zaidi ya hapo ipo hali mseto, ambapo akili inakwenda mbio na moyo umejaa giza kwa wakati mmoja. Hiyo ni miongoni mwa hali za hatari zaidi, kwa sababu mtu anatamani kufa na wakati huohuo ana nguvu za kutekeleza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya mwanzo ya ishirini. Umri huohuo, ukiangalia, ndio watu wengi wanaoanza kunywa.

Mlevi si lazima awe ameanguka mtaroni

Kuhusu pombe, picha iliyomo vichwani mwetu ni ya mtu anayeyumba barabarani. Daktari haangalii hapo. Anauliza kama mtu hunywa kuliko alivyopanga, kama amejaribu kupunguza akashindwa, kama anahitaji nyingi zaidi ili apate athari ileile, kama anaendelea ingawa kazi na ndoa vinabomoka, na kama akikosa mwili humtetemeka. Anayezimua kila asubuhi na kuingia ofisini na tai yake shingoni anaweza kuwa mraibu kuliko anayelewa chakari mara moja kwa mwaka.

WHO ina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT, ambalo hata muuguzi wa zahanati anaweza kulitumia kwa dakika chache. Alama 8 au zaidi ni dalili kwamba unywaji umefika mahali pa kuangaliwa. Kwa maoni yangu kila mgonjwa anayefika kliniki ya afya ya akili angeulizwa maswali hayo siku ya kwanza, na kila anayefika kwa ajili ya pombe angeulizwa kuhusu usingizi wake na vipindi vyake vya kupanda.

Sababu ni hii. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1990, watu zaidi ya 20,000 walihojiwa. Kati ya wenye baipola aina ya kwanza, asilimia 46 walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe la kiwango cha ugonjwa. Kwa watu wote kwa jumla ilikuwa asilimia 14 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka 2003 uligusa jambo ambalo halisemwi sana: ingawa wanaume wenye baipola walikuwa na tatizo la pombe zaidi ya wanawake, ukimlinganisha mwanamke mwenye baipola na wanawake wengine, hatari yake imeongezeka karibu mara saba, wakati kwa wanaume ongezeko ni karibu mara tatu. Mwanamke kama huyo hunywa kwa siri zaidi, na huulizwa mara chache zaidi.

Nani alianza?

Maelezo yanayopendwa na wengi ni kwamba mgonjwa hunywa ili ajitibu. Edward Khantzian, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliyaandika rasmi mwaka 1985: mtu huchagua kilevi kinachotuliza maumivu aliyo nayo. Yana ukweli ndani yake. Waulize wagonjwa wenyewe, watakuambia walikunywa ili walale, ili mawazo yapunguze mwendo, au ili wapate saa moja bila ule uzito kifuani.

Lakini maelezo hayo hayatoshi. Wapo wanaokunywa zaidi wakiwa juu kuliko wakiwa chini, jambo linalowashangaza ndugu waliozoea kudhani kwamba pombe ni ya huzuni. Katika mania breki za uamuzi zimelegea, kila starehe inaita, na mtu hana hesabu ya glasi wala ya fedha. Tena kuna urithi. Baipola hurithiwa kwa kiwango kikubwa, uraibu wa pombe nao hurithiwa kwa kiasi cha nusu hivi, na sehemu ya vinasaba vinavyochangia kimoja inaingiliana na vya kingine. Kwa hiyo familia yenye babu mlevi na shangazi aliyekuwa "akibadilika kwa misimu" haina haja ya kutafuta maelezo ya mbali.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan ambao naona ulistahili kusikika zaidi ya ulivyosikika. Watu 584 wenye baipola walifuatiliwa kwa kati ya miaka 5 na 16, wakijaza taarifa za unywaji na hali zao mara kwa mara. Mtu alipokunywa zaidi ya kawaida yake mwenyewe, miezi sita iliyofuata alikuwa na dalili zaidi za sonona na za mania, na kazi zake zilikwenda vibaya. Upande wa pili haukujitokeza: dalili kuzidi hakukutabiri kwamba miezi iliyofuata mtu angekunywa zaidi. Unaweza kupinga kwamba kipimo cha miezi sita hakiwezi kumnasa anayekunywa leo kwa ajili ya huzuni ya leo, na ungekuwa na hoja. Hata hivyo matokeo yale yanaitikisa dhana kwamba ukitibu hisia, pombe itajiondokea yenyewe. Na jambo la kuangaliwa zaidi ni lile neno "kawaida yake". Kuzidisha kidogo juu ya kiwango cha mtu mwenyewe kulitosha kuonekana, hata kwa wasiohesabika kuwa walevi.

Usiku mmoja wa pombe ndani ya mwili

Fikiria bembea. Anayeisukuma hahitaji nguvu nyingi. Akiigusa kidogo kila inaporudi, itapaa juu kuliko alivyokusudia. Hisia za mwenye baipola tayari zina mwendo mpana, na pombe ni ule mkono unaogusa kwa wakati mbaya. Mahali inapogusa kwanza ni usingizi.

Mtu akinywa jioni hupitiwa na usingizi haraka, ndiyo maana huamini pombe ni dawa ya usingizi. Ini linaendelea kuichambua pombe taratibu, na ikifika saa nane au saa tisa usiku kiwango kimeshuka. Hapo ubongo unaanza kulipa fidia. Kwa sababu pombe huongeza nguvu ya kemikali zinazotuliza na kuzuia zile zinazochangamsha, ubongo ulikuwa umejibu kwa kuongeza uchangamfu wake. Pombe ikiondoka, uchangamfu ule unabaki peke yake. Moyo unadunda, jasho linatoka, mtu yuko macho kana kwamba ameitwa. Usingizi wa ndoto, ambao ulibanwa mwanzoni mwa usiku, unarudi kwa fujo alfajiri.

Kwa mtu mwingine huo ni uchovu wa kesho tu. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vinavyojulikana vizuri zaidi vya mania. Usiku miwili mitatu ya namna hiyo inaweza kumwanzishia kipindi kizima. Na kama hakupanda, anashuka, maana siku zinazofuata unywaji mkubwa huja na wasiwasi, mikono kutetemeka na moyo mzito. Mgonjwa husema sonona imerudi. Anazimua, anapata nafuu ya saa kadhaa, na jioni anakunywa tena ili alale.

Kwa nini daktari naye hukosea

Pombe peke yake inaweza kutengeneza picha inayofanana na baipola. Anayelewa huchangamka, hujiamini, hutumia fedha hovyo. Anayepoa hujuta na kulia. Ndiyo maana daktari makini huuliza yaliyotokea kabla mtu hajaanza kunywa, au katika kipindi kirefu alichokaa bila pombe. Kama mania ilitokea wakati huo, pombe haiwezi kusingiziwa. Dalili zinazoendelea kwa mwezi mmoja hivi baada ya mtu kuacha nazo huelekeza kwenye ugonjwa unaojitegemea. Hapa mama, mke au kaka aliyeishi na mgonjwa ni shahidi bora kuliko mgonjwa mwenyewe, ambaye mania nyepesi anaikumbuka kama mwaka wake wa mafanikio.

Kosa linaloumiza zaidi ni hili. Mtu anafika akiwa na sonona na harufu ya pombe; hakuna anayemuuliza kuhusu vipindi vya kupanda, anaandikiwa dawa za sonona peke yake na kurudi nyumbani. Kwa mwenye baipola, dawa hizo zikitumiwa bila dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia zinaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania.

Vidonge na chupa

Lithiamu ndiyo dawa kongwe ya baipola. Daktari wa Australia, John Cade, aliripoti mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, na mpaka leo ni kati ya dawa chache zinazojulikana kupunguza vifo vya kujiua. Tatizo ni kwamba kiwango kinachotibu na kinachodhuru viko karibu sana, ndiyo sababu damu hupimwa mara kwa mara. Pombe hupoteza maji mwilini kwa mkojo, kwa kutapika na kwa kuharisha, na mwili ukikauka lithiamu hujazana kwenye damu.

Sasa angalia dalili za lithiamu iliyozidi: kutetemeka sana, kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Kila jirani ataapa kwamba amelewa. Watamlaza kitandani apoe, kumbe anahitaji hospitali. Mtu anayetumia lithiamu akionekana "amelewa" kupita kiasi alichokunywa, au amelewa bila kunywa, msisubiri asubuhi.

Dawa nyingine zina ugomvi wake na pombe. Valproeti inaweza kuligusa ini, ambalo pombe tayari inalichosha. Tena humdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba anapaswa kujadili jambo hilo na daktari mapema. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi zikikutana na pombe zinaweza kupunguza upumuaji hadi kifo.

Wagonjwa wengi wakisikia haya huchukua uamuzi wanaoudhani wa busara: leo nakunywa, kwa hiyo dawa naziruka. Mwishoni mwa juma wanaruka siku tatu, na bembea inabaki bila wa kuizuia. Ni heri kumwambia daktari ukweli kwamba unakunywa, naye achague dawa na vipimo akijua hivyo, kuliko kuficha na kucheza na vidonge kwa siri.

"Aache pombe kwanza"

Kwa miaka mingi mgonjwa alizungushwa. Kliniki ya akili ilimwambia aache pombe ndipo arudi. Nyumba ya kuwasaidia waraibu ilimwambia atulize akili yake ndipo apokelewe. Kumsubirisha mtu namna hiyo ni kumtaka afanye peke yake jambo gumu zaidi kati ya yote mawili.

Kutibu vyote kwa pamoja kuna ushahidi. Mwaka 2005 Ihsan Salloum, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake walichapisha jaribio la watu 59 wenye baipola na uraibu wa pombe. Wote walipata matibabu ya kawaida yakiwemo lithiamu. Nusu wakaongezewa valproeti, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 24. Waliopata valproeti walikuwa na siku chache zaidi za kunywa kupita kiasi. Lakini hisia zao zilitengemaa sawa na za wenzao. Yaani kutulia kwa hisia peke yake hakukuwa kumeamua nani angekunywa. Mwaka 2007 Roger Weiss, naye wa Marekani, alichapisha matokeo ya tiba ya vikundi ya wiki 20 inayoichukulia baipola na vilevi kama ugonjwa mmoja: kwamba kuruka kidonge na kuonja glasi ni tabia za aina moja, na kwamba usingizi wa saa zilezile ni tiba ya pande zote. Kati ya watu 62, walioingia vikundi hivyo walikuwa na siku za kutumia vilevi karibu nusu ya wenzao waliopewa ushauri wa kawaida wa uraibu.

Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni. Disulfiramu, ile inayomfanya mtu augue akinywa, inahitaji tahadhari kwa aliye katika mania, maana uamuzi wake haumlindi.

Kuna onyo moja kwa familia zenye nia njema. Anayekunywa sana kila siku msimfungie ndani aache kwa ghafla. Arosto ya pombe, yaani mwili kuugua kwa kuikosa pombe uliyoizoea, huanza ndani ya saa 6 hadi 24; degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huweweseka, kuona visivyokuwepo na kuhangaika, hali inayoweza kuua na ambayo kwa mwenye baipola hudhaniwa kuwa mania imempanda. Huachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa na vitamini B1.

Na kuhusu kujiua: baipola huongeza hatari, pombe huongeza hatari, na vikikutana pombe huondoa ile dakika ya kusita. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zote nyumbani zihifadhiwe na mtu mwingine, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: akishatulia kabisa, anaweza kunywa kidogo tu? Kwa aliyekuwa mraibu, jibu la madaktari wengi ni hapana. Kwa mwenye baipola ambaye hakuwahi kuwa mraibu, wengi hushauri aache, au anywe kidogo sana na kwa nadra. Na mwaka 2023 WHO ilisema kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya ya mtu yeyote. Lakini watu huteleza. Akinywa baada ya miezi minane ya utulivu, dawa za baipola haziachwi kwa hasira wala kwa aibu. Kinachobadilika ni tarehe ya kliniki: kama ilikuwa mwezi ujao, aende wiki hii.